Adela Asiyeweza Kumwaga Maji

Adela Mapunda hajui kukaa. Ukimkuta kibarazani kwake Bombambili ameketi, basi anafunga viatu. Na kabla hujamaliza kumsalimu ameshasimama, anakagua kifuniko cha pipa, anasogeza ndoo ya jirani iliyoachwa juani. Majirani wamempachika jina la Mama Pilika. Yeye hacheki. Husema wanaoweza kukaa ni wale ambao maji huwafuata nyumbani kwao. Yeye na wenzake huyafuata.

Kazi yake ni kuhudumia gari la meno. Ni lori kuukuu lililojengewa chumba mgongoni: kuna kiti cha mgonjwa, sinki, jiko dogo la gesi, vitanda viwili vya kukunja, na chini ya sakafu, upande wa nje, tangi la maji. Mali ya chama cha hiari cha hapa Songea. Husafiri na watu watatu: Aidan, tabibu wa meno, Muhsini, dereva, mtu wa Tunduru, na Adela, ambaye kila tone la maji liko mikononi mwake. Bila maji mikono haioshwi, vyombo havichemshwi, na aliyeng'olewa jino hana cha kusukutulia.

Lori hilo lilijengwa Dar es Salaam, na watu ambao baridi kwao ni sifa ya soda. Hakuna aliyejiuliza tangi lililoning'inia nje lingefanya nini likipandishwa kwenye milima ya Makete mwezi wa Julai. Na lazima lipandishwe Julai. Masika yakishika, barabara za udongo za kule juu hazipitiki. Yakikatika, watu wako mashambani. Ni katika kipupwe tu ambapo barabara imekauka na mkulima amepumua. Kwa hiyo wakati pekee ambao gari linaweza kuwafikia wagonjwa ndio wakati ambao maji yake huganda. Jambo hili lilihitaji akili na moyo. Lilipelekwa kwenye kamati.

Mwaka uliotangulia walikuwa wamefika kijiji cha juu kabisa, mahali ambapo ukisimama asubuhi unayaona mawingu yakiwa chini yako. Adela alilijaza tangi mpaka shingoni, kama alivyozoea, akalala kwa amani. Kulipokucha, koki ilikuwa imepasuka, bomba limechanika, na pampu imetoa ufa ubavuni. Wagonjwa walikuwa wamepanga mstari tangu alfajiri, mashavu yamefungwa vitambaa. Mzee mmoja aliyevimba mpaka jicho limeziba alilifuata gari lilipogeuza, akilipigapiga bodi kwa kiganja. Adela aliusikia mlio ule njia nzima mpaka Njombe.

Kamati ilikutana Songea. Mwenyekiti ni Bartolomeo, mstaafu, mtaratibu wa kusema, mwenye desturi ya kumtaja Mungu pale anapotaka mjadala uishe.

"Baridi ni mpango wa Mwenyezi Mungu," alisema. "Sisi tusishindane nayo. Kuanzia sasa gari lilale hapa tangu Juni hadi Agosti."

Adela alikuwa ameitwa aeleze habari za pampu tu. Alisimama.

"Mwenyekiti, shikamoo. Jino likiuma Julai, mwenye nalo alifanyeje? Alibembeleze mpaka Septemba?"

"Adela, hukuulizwa hilo."

"Najua. Ndiyo maana nimelisema mwenyewe."

Ningependa kuandika kwamba kamati iliona haya. Haikuona. Watu wenye meno mazima, katika ukumbi wenye madirisha ya vioo, waliliona jino la mtu wa mlimani kuwa jambo linaloweza kuahirishwa. Aidan ndiye aliyeomba safari moja zaidi, na mwenyekiti akaitoa kwa sharti: bomba lolote likipasuka tena, gari ligeuze palepale, na safari za kipupwe ziwe zimekwisha.

Tangu siku ile Adela hakutulia kabisa. Aliyafunga mabomba kwa vipande vya blanketi, akavifungua, akaongeza sponji la godoro, akafunga upya. Kila aliyepita alikuwa na ushauri.

"Tia chumvi," alisema jirani yake Zulfa, akiwa ameegemea gurudumu na beseni la maandazi kichwani. "Bahari mbona haigandi?"

"Chumvi itaila pampu," alijibu Aidan.

"Basi tia gongo," alisema Muhsini. "Wallahi gongo haigandi. Na wagonjwa watakuja mpaka wasio na meno."

"Na dereva asiyekunywa atakuwa wa kwanza kusukutua," alisema Zulfa, akaenda zake na maandazi yake.

Mwingine alipendekeza jiko la mkaa liwekwe ndani ya gari usiku kucha na milango ifungwe. Huyo Aidan hakumjibu kwa mzaha. Alimweleza kwamba hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini, na akakataza hata kulizungumza tena.

Mwishowe walimwita Daudi, fundi bomba mwenye karakana kwenye barabara ya kwenda Matogoro. Aliingia uvunguni, akakaa huko kitambo, akatoka na vumbi kwenye nyusi.

"Dada, blanketi halina moto wake," alisema. "Linachelewesha baridi, basi. Dawa ni moja: kila jioni fungua tangi lote, toa maji yaishe, mpaka kwenye koki. Bomba tupu halina cha kugandisha."

"Si nifunge tu koki, nikaushe mabomba?"

"Koki yenyewe iko nje. Tangi likiwa na maji, nayo ina maji. Ndiyo iliyotangulia kupasuka, au siyo?"

"Ndiyo."

"Basi utayamwaga?"

Adela alilitazama tangi. "Hebu niongezee blanketi hapa kwanza."

Asiyemjua angemwona mkaidi. Adela alikulia Matogoro, kwenye mteremko, ambako mtoto huteka maji bondeni kabla ya shule na baada ya shule. Kwao maji ya kuoshea mchele yaliosha vyombo, na yaliyoosha vyombo yalikwenda kwenye mboga. Siku moja kaka yake alimwaga nusu kikombe alichokinywa akashiba. Mama yao hakumchapa. Alimpa kikombe kilekile akamtuma bondeni, arudi na ile nusu. Mtoto alishuka mlima na kuupanda akiwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, na wadogo zake wakimtazama. Malezi hayo hayakumtoka Adela alipohamia mjini, kwa sababu na Bombambili bomba hukoroma hewa siku mfululizo, na siku likitoa maji hakuna chombo kinachobaki kitupu. Kumwaga maji safi ardhini, kwa makusudi, akiwa na akili zake timamu: mkono wake haukujua jambo hilo linafanywaje.

Walipanda Julai. Muhsini aliendesha akiwa amevaa sweta mbili na koti, kichwa amekifunga kilemba mpaka kidevuni.

"Wakikuona hivyo watakung'oa wewe kwanza," Adela alimwambia.

"Waning'oe baadaye. Kwanza wanikande."

Kijijini walipokelewa na jambo ambalo hakuna aliyeliagiza. Gari halijazimwa, wanawake walikuwa wanapanda kutoka kwenye chemchemi, ndoo vichwani, mmoja nyuma ya mwingine, juu ya njia iliyochongwa ngazi za udongo. Mbele yao alikuwa Bibi Leticia, mjane mwenye umri wa mama yake Adela, aliyepanda bila kuishika ndoo yake. Huko mgeni hachoti maji ya kwanza, huchotewa. Tena mwaka jana waliliona gari likiondoka kavu, na walikuwa wamesikia kwamba ni habari ya maji. Waliamua wenyewe kwamba safari hii yasipungue. Walimimina mpaka tangi likafurika.

"Liko shingoni?" aliuliza Bibi Leticia.

"Shingoni, bibi. Mungu awabariki."

"Basi kesho usinikimbie. Nina gego hapa linanichezea ngoma."

Jua lilipoanza kushuka, Aidan alitoka nje akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja, na upepo ulikuwa umekatika.

"Leo kutaganda," alisema. "Adela, fungua."

Alifungua. Alikinga madumu yote, kisha ndoo, kisha sufuria, beseni, chupa ya chai, hata birika la Muhsini la kutilia udhu. Alivipandisha vyote ndani. Vyombo vikaisha, na tangi lilikuwa bado na zaidi ya nusu. Akafunga koki.

"Mbona umefunga?" aliuliza Muhsini.

"Vyombo vimekwisha."

"Ardhi haijaisha."

"Umemwona yule bibi alivyopanda zile ngazi? Ukitaka kuyamwaga, kamwite kwanza aje aangalie."

"Dada Adela, kwetu Tunduru maji hayajui hata kuganda ndiyo nini. Lakini mwaka jana lile bomba nililishika kwa mikono yangu, limepasuka kama ganda la korosho. Mwaga. Kesho nitakusaidia kuyateka."

"Utabeba kichwani?"

"Nitabeba hata mdomoni!"

Alinyoosha mkono kwenye koki. Adela akajiweka katikati, mgongo kwenye tangi. Muhsini akarudi nyuma, akaanza kuzunguka gari akisema peke yake kwa Kiyao. Tayari pumzi zao zilikuwa zinaonekana.

Aidan hakupandisha sauti. "Adela, tulikubaliana tukiwa Songea. Koki hiyo ikipasuka, utakuwa umemkabidhi mwenyekiti sababu yake mkononi. Na hawa hawatatuona tena Julai."

Aidan alisema kweli, na Adela alilijua hilo. Tatizo halikuwa kutokujua. Alibaki pale akihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, akilitazama jua, akilitazama tangi; kisha akanyakua ndoo moja iliyojaa, akaiweka kichwani, akashika njia ya kwenda kwa Bibi Leticia karibu akimbie.

Alimkuta jikoni na wanawake wenzake, moto mkubwa katikati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu?"

"Nimewaletea maji."

Bibi Leticia aliitazama ndoo, akamtazama aliyeibeba.

"Maji yetu yana kasoro gani?"

"Hayana kasoro."

"Umeona wadudu?" aliuliza mwingine.

"Hapana, jamani."

"Mgeni akirudisha maji aliyoletewa," alisema Bibi Leticia polepole, "anatuambia hatalala kwetu. Mwaka jana mlituacha. Mwaka huu mnatuaga mapema?"

Kwa kukwepa kuitupa kazi yao, Adela alikuwa amewatupia usoni. Aliishusha ndoo, akapiga goti moja kwenye majivu, akaeleza yote bila kupamba: koki iliyo nje, bomba lililochanika, sharti la mwenyekiti. Alieleza na aibu yake, kwamba dawa ni kuyamwaga na mkono umemkatalia.

"Siyarudishi, bibi. Nawaomba mnilazie."

"Nikulazie maji?"

"Ndiyo."

"Kama mtoto?"

"Kama mtoto. Kando ya moto. Alfajiri mniletee."

Kicheko kilianzia pembeni, kikazunguka jiko zima. Bibi Leticia alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Jiko hili limelaza wageni wa kila namna," alisema, "mpaka mbuzi mwenye kikohozi. Maji ndiyo kwanza." Akatoka mlangoni, akapaza sauti kwa Kikinga kuelekea nyumba za jirani, na vifuniko vya sufuria vikaanza kulia huku na huku.

Walikuja na vyungu, na ndoo, na masufuria ya sherehe. Kila mmoja alikinga, akaondoka na mzigo wake kuelekea kwenye moto wake. Koki ilipobaki inadondosha, Muhsini alileta pampu ya kujazia magurudumu akapuliza hewa ndani ya mabomba mpaka yakapiga mluzi. Giza lilipoingia, tangi lilikuwa kavu, na ardhi chini yake imelowa kidogo tu.

Asubuhi majani yote yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda, yakivunjika chini ya viatu. Adela alikuwa uvunguni kabla ya wenzake kunawa. Koki ilikuwa nzima. Bomba kubwa zima. Pampu nzima. Lakini chini ya sinki, pale bomba linapokunja kiwiko kuelekea chini, vijiko vichache vya maji vilikuwa vimebaki vimejificha, na kiwiko kilikuwa na ufa mwembamba.

Muhsini alikifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akiuvuta kwa meno. "Kitashika," alisema.

"Utajuaje bila maji?"

"Basi lete maji."

Maji ya kutosha hayakuwapo. Yaliyolala ndani ya gari yalikuwa ya kuchemshia vyombo, na yakirudishwa tangini peke yake yasingefika kwenye mdomo wa pampu. Wagonjwa walikuwa wamefika, wamejikunyata. Njia za kutoka majumbani zilikuwa tupu. Adela alitembea mpaka kwenye ukingo, akarudi, akaenda tena. Vipi kama wamesahau? Vipi kama wameyapikia? Simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti.

"Adela, mabomba yanasemaje?"

Angeweza kusema ni mazima. Nani angepanda kuja kuangalia? Aidan alikuwa anamtazama.

"Kiwiko kimoja kimepasuka, mwenyekiti. Kimeshafungwa."

"Basi geuzeni."

"Tunasubiri maji tujaribu."

"Hata maji hamna?"

"Yapo. Yamelala kwa watu."

"Adela, wewe umeamka salama?"

"Salama, mwenyekiti."

"Geuzeni gari. Sharti ni sharti."

Ndipo alipowaona. Walikuwa wanatokea kila upande, ndoo na vyungu vichwani, na juu ya kila kichwa mvuke ulipanda moja kwa moja katika hewa ile iliyosimama. Bibi Leticia alikuwa mbele, hakushika chochote.

"Mwenyekiti," alisema Adela, "maji yameamka. Nitakupigia jioni." Akakata.

Mwanamke mmoja alifika nyuma ya wote akiwa na sufuria ya uji. "Nilisahau, nikayapikia," alisema kwa huzuni. "Lakini uji nao ni maji." Muhsini aliipokea kwa mikono miwili akasema kwamba shehena hiyo ni ya dereva.

Walimimina. Aidan aliwasha pampu. Kiwiko kilitoa jasho tone moja, la pili likaning'inia, halikuanguka. Maji yalitoka kwenye sinki yakiwa na uvuguvugu wa majiko ya kijiji kizima.

Wa kwanza kukaa kwenye kiti alikuwa yule mzee wa mwaka jana. Uvimbe ulikuwa umeshuka wenyewe, ukaacha jino bovu na kidonda. "Mlinikimbia," alisema. Adela alimpa kikombe cha maji ya moto, akamshika bega, na Aidan akaanza. Waling'oa na kuziba mpaka jua likakaribia vilele, na Bibi Leticia aliondoka na gego lake ndani ya kipande cha karatasi, akisema anataka kulionyesha jiko. Jioni ile Adela alimpigia mwenyekiti kama alivyoahidi. Simu haikupokelewa.

Songea, kamati ilikutana tena. Bartolomeo alisema kwamba sharti lilivunjwa mara mbili: bomba lilipasuka, na agizo la kugeuza halikutiiwa. Katika maneno yake yote hakuuliza ni watu gani walitibiwa. Ndiyo kasoro ya kamati zetu nyingi. Hujua masharti yao kwa moyo na hawamjui mtu hata mmoja ambaye masharti hayo yanamwangukia.

"Aliyeamua kuendelea ni mimi," alisema Aidan. "Nilikuwa na wagonjwa mlangoni. Kiwiko kilielekezwa chini tangu kiwandani, kikabaki na maji. Daudi atakigeuza kielekee juu. Hilo ndilo tatizo lote lililobaki."

"Si lote," alisema mwenyekiti. Alimgeukia Adela, na safari hii swali lake lilikuwa la kweli. "Safari ijayo mkilala mahali pasipo na nyumba? Au wenyeji wakikataa kukulazia hayo maji yako? Utafanyaje?"

Ukumbi ulimgeukia. Adela alisimama, akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, akakiachia, akakishika tena. Kila aliyekuwamo alifahamu kwamba jibu lisiloeleweka lingetosha kulilaza gari.

"Nitayamwaga," alisema.

Alilisema kama mtu anayetaja jina la marehemu wake. Muhsini, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangalia chini.

"Ardhini?" aliuliza mwenyekiti.

"Ardhini. Yote. Nitasimama hapo mpaka yaishe."

Kura zikapigwa, mikono ikahesabiwa. Ya kukubali ilikuwa mingi kuliko ya kukataa, na ya mwenyekiti haikupanda upande wowote. Hakuomba radhi kwa mtu. Alisema tu kwamba safari za kipupwe zinaendelea, akakohoa, akaita jambo linalofuata.